Jina, Mahali na Aina: Programu ya Kawaida Inapoulizia Alama za Kerneli

Ndugu wasimamizi wa mitambo, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza viti vya nyuma mkidhani sitawaona, habari za mchana.

Mwenye kompyuta ya Linux mbele yake aifungue, aandike amri hii akiwa mtumiaji wa kawaida, bila sudo (amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi): grep -w avenrun /proc/kallsyms. Katika distro nyingi, yaani Linux zinavyogawiwa zikiwa tayari kwa matumizi, utatokea mstari mmoja tu wenye sehemu tatu: sifuri kumi na sita mfululizo, herufi B, na neno avenrun. Sasa rudia amri ileile kwa sudo. Wengi wenu mmeona sifuri zimeondoka, na mahali pake imekuja namba inayoanza na ffffffff. Faili ni lilelile, ila kerneli imemtazama aliyelifungua ikaamua imwambie nini.

Mada niliyopewa inauliza programu ya kawaida inalifikiaje jedwali la alama la kerneli. Jibu mmeshaliona, na ningeweza kushuka jukwaani sasa hivi tukanywa chai. Lakini mimi nina swali langu: ukishaipata hiyo anwani, unataka kuifanyia nini? Maana historia nzima ya jambo hili ni historia ya programu zilizokuwa zikiulizia mahali kitu kilipo, ilhali zilichohitaji ni thamani yake tu.

Niweke msingi kwa ajili ya wanafunzi. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ni programu kama programu nyingine. Imeandikwa kwa lugha ya C, ikapitishwa kwenye kompaila, kisha linka ikaviunganisha vipande vyote na kuamua kila fanksheni na kila kigeu kitakaa kwenye anwani ipi. Orodha ya maamuzi hayo ndiyo jedwali la alama. Ukijenga Linux mwenyewe utaikuta kwenye faili la System.map, ambalo ni matokeo ya amri ya nm yaliyopangwa kwa anwani. Herufi ya katikati inakueleza alama ni ya sehemu gani: T ni msimbo, D ni data yenye thamani ya kuanzia, B ni data inayoanza na sifuri, R ni data ya kusomwa tu. Herufi ikiwa ndogo, alama ile haitambuliki nje ya faili la msimbo ilimozaliwa. Prosesa yenyewe haina haja ya majina hayo, inakwenda kwa namba. Majina yanatunzwa kwa ajili yetu binadamu na kwa ajili ya zana zetu.

Basi shikeni mambo matatu: jina, mahali, aina. Jedwali la alama linakupa jina na mahali. Aina halikupi, na shida nyingi nitakazozisimulia zimetokea hapo.

Turudi Unix ya zamani. Toleo la 6, la mwaka 1975, tayari lina fanksheni ya maktaba iitwayo nlist. Unaipa jina la faili la programu na orodha ya majina; yenyewe inalifungua faili, inasoma jedwali la alama, na kukujazia anwani ya kila jina. Katika matoleo ya baadaye, jina lisipopatikana, anwani na aina ya alama vinawekwa sifuri. Fanksheni hii haijui chochote kuhusu kerneli, inasoma faili tu. Lakini kerneli nayo ilikuwa faili kwenye diski, /unix au /vmunix, basi ukiielekeza nlist huko unapata anwani za ndani ya kerneli. Halafu unafungua /dev/kmem, kifaa kinachoionyesha kumbukumbu ya kerneli kana kwamba ni faili, unaruka hadi kwenye ile anwani kwa lseek, unasoma baiti zako. Mchezo umekwisha.

Hivyo ndivyo ps ilivyojua michakato inayoendelea. Hivyo ndivyo netstat ilivyohesabu miunganisho: ilitafuta alama kama tcb, ifnet na mbstat, kisha ikafuata vielekezi kimoja baada ya kingine ndani ya kumbukumbu ambayo si yake, huku kerneli inaendelea kuibadilisha. Na hivyo ndivyo uptime ilivyojua mzigo wa mashine: ilitafuta avenrun, safu ya namba tatu, wastani wa dakika 1, 5 na 15. Ndiyo avenrun hiyohiyo mliyoitafuta sasa hivi. Jina limedumu hadi ndani ya Linux, ambayo haikutokana na msimbo wa Unix ile.

Nawaomba msiwacheke wazee hawa. Kwa mashine za wakati ule mbinu hii ilikuwa na akili nyingi. Kerneli haikulazimika kubeba msimbo wa kueleza kila kitu chake kwa kila anayeuliza. Kumbukumbu ilikuwa ndogo na kila baiti ilihesabiwa. Kazi ya kutafsiri ilisukumwa nje, kwa programu ambayo ikianguka haiangushi mashine.

Ila gharama zake zilianza kuonekana mapema. Ya kwanza: faili lililoko kwenye diski si lazima liwe kerneli inayoendesha mashine. Umejenga kerneli mpya, umeiweka kwenye /vmunix, hujawasha mashine upya. Kuanzia dakika hiyo ps inasoma anwani za kerneli ambayo bado haijaingia kazini, inakuonyesha upuuzi kwa uso mkavu. Ndiyo maana zana nyingi za enzi hizo zilikuwa na nafasi ya kutaja faili jingine la majina, ili ukiwa umewasha mashine kwa kerneli ya zamani uziambie zisome hilo. Hata ps za mwanzo kabisa za Linux zilipitia njia ya kmem kabla ya kuhamia /proc.

Ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha jedwali la alama linapoishia. Chukueni sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe aliyoiandika Eric Allman. Sendmail ilitaka kujua mzigo wa mashine, ili ukizidi kiwango fulani iziweke barua kwenye foleni, na ukizidi zaidi ikatae miunganisho mipya. Ombi dogo kabisa: nipe namba moja. Lakini ilipaswa kukimbia kwenye kila Unix iliyokuwepo sokoni. Kwanza faili la kerneli: huku /unix, kule /vmunix, HP wanaita /hp-ux, Sequent wanaita /dynix. Halafu jina la alama: kwenye mifumo mingi kompaila ya C iliongeza kistari cha chini mbele ya kila jina, hivyo unatafuta _avenrun, na kwingine avenrun tupu. Umevuka hayo yote, umepata anwani. Je, kwenye anwani hiyo pana nini? Mifumo mingine iliweka namba za desimali. Mingine iliweka namba nzima iliyozidishwa kwa kipimo fulani, nawe unapaswa kukijua kipimo hicho ndipo ugawanye. Ndiyo maana usanidi wa sendmail ulikuwa na chaguo la kutaja aina ya mzigo: ni int, ni short, ni float? Mtu aliyekuwa anaijenga sendmail kwenye mashine yake ndiye aliyepaswa kujibu. Akijibu vibaya, hakuna kosa linalotangazwa popote. Mfumo wa barua unaamini tu kwamba mashine imelemewa, au kwamba imelala.

Linux yenyewe, ikiwa mnataka kujua, huhifadhi avenrun kama namba nzima iliyozidishwa kwa 2048. Mzigo wa 1.5 umo humo kama 3072. Jedwali la alama halikuelezi hilo, na wala halikuelezi kwamba ziko namba tatu.

Ya tatu ni usalama. Ili uptime isome /dev/kmem, lazima ipewe ruhusa. Basi likaundwa kundi liitwalo kmem, na programu hizi zikafungwa biti ya setgid ili zikimbie kwa jina la kundi hilo. Hata xload, kidirisha kidogo cha kuchora grafu ya mzigo kwenye skrini, kilihitaji ruhusa hiyo. Fikirieni kumbukumbu ya kerneli ina nini: vihifadhi vya terminali za watu wote, yaani herufi wanazozibonyeza muda huu, nywila zikiwemo. Programu ya kuchora grafu ilishikilia funguo za vyote hivyo kwa ajili ya namba tatu. Hitilafu moja ndani yake, na aliyeidaka anasoma kumbukumbu nzima.

Wahandisi walilitatua hili kwa kuacha kuuliza anwani. 4.3BSD-Reno, toleo la Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, ikaja na getloadavg, fanksheni inayorudisha namba tatu za desimali bila kukueleza zimetoka wapi. 4.4BSD ikaleta sysctl, ambapo mtumiaji anataja jina la jambo na kerneli yenyewe inalijibu. Solaris ikaja na kstat, na humo utakuta kipengele kiitwacho avenrun_1min: jina la zamani, ila sasa linajibiwa na kerneli yenyewe. Kwa upande mwingine, mwaka 1984 Tom Killian wa Bell Labs alionyesha jinsi michakato inavyoweza kuwekwa kama mafaili chini ya /proc, na Linux ikalichukua wazo hilo ikalitanua kupita alivyokusudia. Leo uptime inafungua /proc/loadavg, inasoma mstari mmoja, inafunga. Haihitaji ruhusa yoyote, wala haijali kerneli ilijengwa lini.

Waliobaki na nlist walikuwa na sababu zao. Solaris walipoanza kupakia moduli (vipande vya kerneli vinavyoongezwa baadaye) wakati mashine inakimbia, faili la diski halikutosha tena, kwani moduli zina alama zake na anwani zake hupangwa papo hapo. Wakaweka kifaa /dev/ksyms, kinachokupa jedwali la alama la kerneli iliyo hai pamoja na moduli zake, katika umbo la faili la ELF, muundo wa kawaida wa mafaili ya programu, ambalo nlist inaweza kulisoma. NetBSD na FreeBSD nazo zina /dev/ksyms, na FreeBSD ina pia wito wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli) wa kldsym wa kuulizia alama moja moja. Mkikutana na mfumo wa aina hiyo kazini, msome kurasa za mwongozo. Mimi narudi Linux, kwa sababu huko ndiko vita vilikopiganwa hadharani.

Toleo la 2.6 la Linux lilikuja na /proc/kallsyms, lenye alama za kerneli, za moduli zikiwemo, jina la moduli likiwa kwenye mabano ya mraba mwishoni mwa mstari. Yeyote aliweza kulisoma, na anwani zilikuwa za kweli. Sasa jiwekeni katika nafasi ya mshambuliaji wa mwaka 2009 au 2010. Amepata hitilafu kwenye kerneli inayomruhusu kuielekeza prosesa kwenye anwani anayoitaka yeye. Anakwenda wapi? Anafungua /proc/kallsyms, anatafuta prepare_kernel_cred, anatafuta commit_creds, anaandika msimbo mfupi wa kuita ya kwanza na kuipa ya pili matokeo yake. Mchakato wake umekuwa root, msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote. Programu za ushambuliaji za miaka ile zilikuwa na fanksheni maalumu ya kusoma kallsyms, na zilifanya kazi kwenye kerneli tofauti tofauti bila kubadilishwa, kwa sababu kerneli yenyewe ilikuwa inazipa anwani.

Novemba 2010 yakaingizwa mabadiliko ya mstari mmoja: faili hilo lisomwe na root peke yake. Yalidumu siku chache. Msanidi mmoja alisasisha kerneli yake na mashine ikagoma kuwaka: klogd, programu ya zamani ya kukusanya ujumbe wa kerneli, ilijaribu kufungua faili, ikakataliwa, ikaanguka, na mfumo mzima wa kuwasha ukasimama ukiisubiri. Linus Torvalds akayaondoa mabadiliko. Mnaelewa kilichotokea? Programu ya mtumiaji ilikuwa imelizoea jedwali la alama kiasi kwamba kulificha kulivunja mashine.

Hapo ndipo sifuri zilipotokea. Mwaka 2011 Dan Rosenberg alileta mpangilio uitwao kptr_restrict. Faili linabaki wazi kwa wote, umbo lake halibadiliki, idadi ya mistari ni ileile; ila asiye na ruhusa iitwayo CAP_SYSLOG anapewa sifuri mahali pa anwani. Programu ya zamani inasoma, inapata sifuri, inaendelea na maisha. Nauheshimu sana uamuzi huu, kwa sababu umewazingatia watumiaji wa zamani na kumbana mshambuliaji kwa pamoja. Thamani ya 1 inampa mwenye ruhusa anwani za kweli, thamani ya 2 inamnyima hata root. Na msije mkashangaa: kwenye kerneli za sasa, hata thamani ikiwa 0, mtumiaji wa kawaida ataona sifuri isipokuwa mpangilio mwingine, perf_event_paranoid, umeshushwa hadi 1 au chini yake.

Lakini mjanja wa viti vya nyuma atauliza: si tumesema kuna System.map? Faili hilo limo ndani ya kifurushi cha kerneli ambacho distro inakigawa bure kwa dunia nzima. Kama seva yangu inaendesha kerneli ya distro fulani, mshambuliaji anapakua kifurushi kilekile nyumbani kwake, anasoma commit_creds iko wapi, anarudi na namba mkononi. Sifuri zimemficha nini? Jibu la kweli: mwaka 2011 hazikumficha kitu chochote cha maana. Linka iliipanga kerneli ianzie ffffffff81000000 kwenye mashine za x86 za biti 64, nayo ilianzia hapo kila siku, kila mahali.

Ikabidi kerneli yenyewe ihame. KASLR, mbinu ya kuipanga kerneli mahali pa nasibu, iliingia Linux 3.14 mwaka 2014, kazi iliyosukumwa na Kees Cook, na kuanzia toleo la 4.12 la mwaka 2017 ikawa inawashwa kwa chaguo-msingi kwenye x86. Kila mashine inapowaka, kerneli inachagua kwa bahati nasibu mahali pa kukaa. Ni kama mtaa mzima uliohamishwa usiku, nyumba zote kwa umbali uleule: majirani wako ni walewale na hatua kati ya mlango na mlango ni zilezile, ila ramani ya jana haikufikishi popote mpaka umjue mtu mmoja amehamia wapi. System.map inabaki sahihi kwa tofauti kati ya alama na alama. Kinachokosekana ni namba moja tu, umbali wa kuhama. Ndipo sifuri za kallsyms zikapata maana zilizokuwa hazina: zinailinda namba hiyo moja.

Na udhaifu wake uko papo hapo. Ukivujisha anwani moja ya kweli umevujisha zote. Ndiyo maana kuanzia 4.15 kerneli iliacha kuchapa vielekezi jinsi vilivyo kwenye ujumbe wake. Alama ya %p sasa hutoa namba iliyochanganywa, isiyoonyesha anwani halisi. Tena nafasi za kuhamia si nyingi. Eneo ni gigabaiti 1, na hatua za kuhama ni megabaiti 2, kwa hiyo nafasi hazizidi 512. Watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha mwaka 2016 kwamba programu ya kawaida inaweza kupima muda wa amri za prefetch (za kuiambia prosesa ilete data mapema) na kutambua kerneli imekaa wapi, bila kusoma faili lolote. Kinga waliyoipendekeza ilikuwa kuyatenga majedwali ya kurasa (ramani za kumbukumbu) ya kerneli na ya mtumiaji, na kazi hiyo ndiyo iliyotufaa Januari 2018 udhaifu wa prosesa uitwao Meltdown ulipotangazwa.

OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD, walichukua njia kali zaidi. Toleo lao la 6.2, Oktoba 2017, huiunganisha kerneli upya kwa mpangilio wa nasibu, ili kila mashine, kila inapowaka, iwe na kerneli yenye mpangilio wake peke yake. Huko anwani moja iliyovuja haikupi nyingine. Kwa upande wa Linux kulikuwa na pendekezo mwaka 2020 la kuzichanganya fanksheni moja moja, lakini halikuingia kwenye tawi kuu. Mimi naona OpenBSD wako sahihi, ila najua pia kwamba msimamizi wa seva elfu moja anataka kerneli zilizo sawa, ili mashine moja ikianguka aweze kulinganisha na nyingine.

Na /dev/kmem, tuliyoanza nayo safari? Ilizimwa na distro moja baada ya nyingine, na Linux 5.13 ya mwaka 2021 ikaufuta msimbo wake kabisa. Kwa muda mrefu wahitaji wake wakubwa walikuwa waandishi wa programu za siri za kujificha ndani ya kerneli. Tangu 2001 ilishaelezwa hadharani jinsi ya kuibandika kerneli iliyo hai kupitia kmem bila moduli na bila jedwali lolote la alama, kwa kufuata njia ya wito wa mfumo hadi kulikuta jedwali la wito. Aliyedhani kuficha jina la sys_call_table kunatosha alipata jibu lake mapema.

Sasa tuje kwa wenye haja halali, maana wapo wengi humu. Unataka kujua seva inatumia muda wake wapi. Perf, zana ya kupima utendaji, inakusanya anwani ambazo prosesa inazipitia, na bila kallsyms utapata orodha ya namba zisizo na maana. Hapo unaikimbiza perf kwa ruhusa, nayo inasoma anwani za kweli na kukuandikia majina. Hiyo ni matumizi sahihi kabisa ya jedwali: kutoka namba kwenda jina.

Kutoka jina kwenda namba, msijisumbue. Ukitaka kufuatilia vfs_read, ipe zana ya ufuatiliaji bpftrace jina, kprobe:vfs_read (kprobe ni mtego unaowekwa kwenye fanksheni ya kerneli), au andika jina hilo kwenye kprobe_events. Kerneli inatafuta anwani yenyewe, ndani kwake, na anwani haivuki mpaka kuja kwenye programu yako. Lakini muwe macho na majina. Fanksheni ndogo kompaila inaimeza ndani ya nyingine, na jina lake linatoweka kwenye jedwali. Nyingine inakatwa vipande, unakuta jina lenye mkia wa .isra.0, .constprop.0, .part.0 au .cold. Na fanksheni za static, zisizotambulika nje ya faili lao, zinaweza kugongana majina, mafaili mawili tofauti kila moja na yake. Kerneli za karibuni hukataa kuweka kprobe kwa jina lenye utata huo, na ni heri zikatae kuliko kukisia. Hati iliyofanya kazi kwenye kerneli ya mwaka jana ikinyamaza ghafla, angalia hapo kwanza.

Aina je, lile la tatu lililomtesa mjenzi wa sendmail? Kerneli nyingi za distro sasa zina faili /sys/kernel/btf/vmlinux. Humo mna maelezo ya miundo ya data ya kerneli: muundo gani una sehemu zipi, za aina gani, kila moja imeanzia baiti ya ngapi. Faili hilo linasomwa na yeyote, na halitaji mahali kerneli ilipohamia. Programu ya BPF, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kerneli, inajengwa mara moja, na wakati wa kupakiwa maktaba inalinganisha miundo iliyoitegemea na ile ya kerneli iliyopo, inarekebisha hesabu za baiti. Kwa hiyo leo programu yako inapewa jina na aina bila kizuizi, na mahali ndipo panapofichwa. Enzi za nlist ulipewa jina na mahali, aina ukajitafutia.

Kuna mmoja aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu moduli yake iliyokuwa ikiita kallsyms_lookup_name, ikakataa kujengwa baada ya kusasisha kerneli. Ndiyo, toleo la 5.7 la mwaka 2020 liliacha kuitoa fanksheni hiyo kwa moduli, kwa sababu ilikuwa mlango wa kuzifikia alama ambazo wasanidi hawakukusudia zitumiwe nje. Najua mtandaoni wanafundisha kuweka kprobe juu yake ili kuipata anwani yake kwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi. Lakini ukiwa unajenga bidhaa utakayomuuzia mteja, umemfunga mteja huyo kwenye jambo ambalo wasanidi wameshasema hawalitaki. Omba alama unayoihitaji itolewe rasmi, au tafuta fanksheni iliyokwisha kutolewa inayofanya kazi hiyo.

Kwa wenye seva za wateja wengi na kontena: /proc/kallsyms ndani ya kontena ni la kerneli ya mashine mama, kwa kuwa kerneli ni moja. Root wa ndani ya kontena la Docker la kawaida hana CAP_SYSLOG, basi ataona sifuri. Majina atayaona, na majina pekee yanamweleza moduli zipi zimepakiwa na vipengele vipi vimo. Weka kptr_restrict iwe 1 kwenye mashine za kazi, na dmesg_restrict iwe 1 pamoja nayo, kwa kuwa ujumbe wa kuanguka kwa kerneli nao huwa na anwani. Thamani ya 2 iwekeni mahali ambapo hamtumii perf kabisa. Kwingine mtajikuta mnaishusha usiku wa manane wakati wa tatizo na kusahau kuirudisha.

Wapo wanaoshauri kuijenga kerneli bila jedwali la alama kabisa, CONFIG_KALLSYMS ikizimwa. Kwa kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, sawa. Kwa seva, hapana. Kerneli ikianguka, ripoti yake itakuwa safu ya namba tupu, na ukiwa huna vmlinux (faili la kerneli lenye majina) ya ujenzi uleule pembeni, hutajua hata ni dereva gani lililosababisha.

Maswali nayapokea, nianze na dada pale kulia.